Kimea cha Ubatizo wa Tabita

Wifi Foibe,

Zamani ningeanza na shikamoo, kwa sababu wewe ni mkubwa kwangu na ndivyo nilivyolelewa. Leo sikuamkii. Na ukiona nimekuita wifi, usidhani undugu wetu bado upo. Nimekosa tu jina jingine la kukuita ambalo naweza kuliandika mahali watoto watakapolisoma.

Naiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote. Ulinisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Mdogo wako Yona, aliyekuwa mume wangu, alikuja hapa kwangu Zuzu juzi, akakaa kwenye kigoda, akaizungusha kofia yake mikononi, halafu akatoa ujumbe wako kutoka Manyoni. Unaomba uje Dodoma siku mwanangu Tabita atakapopata kipaimara. Unaomba nikusamehe, na kama siwezi, nikuruhusu angalau umwone mtoto. Nilimwambia Yona jibu nitaliandika mwenyewe, kwa sababu maneno yakipita kwake hulainika njiani.

Lakini kabla ya jibu nataka ukumbuke. Mimi sijasahau kitu. Nataka wewe ukumbuke, huko uliko.

Kumbuka asubuhi ile ya kwanza Chang'ombe, mimi bibi harusi mpya katika ua wa baba yenu, Mzee Mikaeli. Wewe ulikuwa umesharudi kutoka kwenye ndoa yako, unaishi chumba cha mwisho na binti yako Ketura. Wengine wote walinisubiri nitoke wanione nitakavyofagia. Wewe ulikuja mlangoni, ukabisha hodi kwa sauti ya chini, ukaniletea chai na kiporo cha viazi vitamu. Ukaniuliza kama ni kweli kwamba kwetu Zuzu wanajua kuotesha kimea. Nikakwambia mama yangu anafahamika kwa kazi hiyo, wapika pombe wanakuja kwake na kina mama wenye watoto wachanga wanakuja kwake. Ukacheka, ukasema basi Mungu amekuletea mtu wa kukutoa kwenye kuuza nyanya.

Tulianza na beseni moja. Nilikuonyesha kuchagua mtama, punje zilizotobolewa na wadudu unatupa, kisha unauloweka mpaka ushibe maji. Unauchuja, unautandaza juu ya gunia safi kwenye kivuli, unaufunika kwa gunia jingine bichi, na unaunyunyizia maji kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Siku ulipofunua gunia ukakuta punje zote zimetoa mizizi myeupe, myembamba kama uzi, uliniita kwa nguvu nikadhani umeona nyoka. Ukachuchumaa pale kwa muda mrefu ukiutazama. Ukasema, "Damari, kumbe ulikuwa hai." Ndivyo ulivyosema, na mimi nilikupenda kwa maneno yale.

Nilikueleza nilichokumbuka kutoka darasa la baiolojia. Punje ya mtama imejaa wanga, chakula ambacho mmea mchanga hauwezi kukila jinsi kilivyo. Ikipata maji inaamka, inatengeneza vimeng'enya vyake yenyewe, na hivyo vinakatakata ule wanga kuwa sukari ili mche upate cha kula. Sisi tunachofanya ni kuingia kati: tunauacha mtama uamke, tukiona sukari imeanza kuja tunauanika juani kabla mche haujaimaliza. Ulisema kwa hiyo sisi ni wezi wa chakula cha mtoto. Nikasema ndiyo, lakini wezi wanaolisha watoto wengine. Ulilipenda jibu hilo, ukawa unawasimulia wateja sokoni Majengo.

Na nilikufundisha jambo moja zaidi, tena si mara moja. Kimea kikishakauka lazima ukifikiche kwa viganja mpaka miche na mizizi yote itoke, halafu upepete. Mtama mchanga una sumu. Kila mfugaji wa hapa anajua kwamba mbuzi wakiingia kwenye mtama uliochipua baada ya ukame, wengine hawarudi zizini. Tena kimea kikiota ukungu hakina dawa. Hukioshi, hukikaangi, hukichanganyi na kizuri kukificha. Unakimwaga. Mama yangu hata kuku hakuwapa. Uliyasikia haya kwa masikio yako. Wakati wa kufikicha tulikaa wote wawili juu ya mkeka uleule, magoti yetu yakigusana, wewe ukiimba sauti ya kwanza na mimi ya pili nyimbo za kwaya, na vumbi la miche likitujaa kwenye nyusi mpaka Ketura anatucheka kwamba tumezeeka.

Kumbuka pia Tabita alipoanza kula. Alikuwa mwepesi hata nguo zilimvuka. Ukimpikia uji mwepesi anashiba maji, ukimpikia mzito anautema. Uliponikuta nalia jikoni uliniondoa kwenye kiti, ukapika wewe. Ukaupika uji ukawa mzito kiasi mwiko unasimama wenyewe, ukausubiri upoe kidogo, halafu ukachota kijiko kimoja cha unga wa kimea ukakoroga. Uji ule ulilegea mbele ya macho yetu. Unga ni uleule, shibe ni ileile, lakini sasa unateremka kama maziwa. Tabita aliunywa kikombe kizima, akakufuata mkono akitaka tena. Mimi ndiye niliyekufundisha, lakini siku ile nilikuwa nimechoka hata kukumbuka ninachokijua, ukanikumbusha wewe. Kwa sababu hiyo nilisema akibatizwa, wewe ndiye utakayemshika mbele ya madhabahu. Na kweli ulimshika.

Nimeyaandika haya mazuri kwa makusudi. Nataka kila asomaye ajue hukuwa adui aliyejificha. Ulikuwa mtu wangu. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa namna hii.

Ubatizo ulikuwa Pasaka, na mvua za mwaka ule zilichelewa kuisha. Kimea tulichoandaa cha sherehe kilikuwa chumbani kwako. Wiki moja kabla niliingia kumtafuta Ketura, nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Ulikifunga kwenye gunia kikiwa na unyevu. Nilipoingiza mkono kilikuwa na joto ndani, kimeshikana mabonge, na juu kimeanza weupe na ukijani. Nilikwambia hicho si cha kuliwa. Nikasema nitakwenda Zuzu kwa mama nikachukue kingine. Ukasema sawa, utakwenda kukimwaga jioni ile. Nilikwenda Zuzu, nikarudi na ndoo ya kimea kizuri, nikakukabidhi mkononi. Siku ya sherehe mimi nilikuwa kanisani na mtoto wangu. Chungu cha togwa kilikuwa chako.

Watu walikunywa togwa ile, uji mtamu wa kimea usiolevya, wakaisifia. Kabla jua halijazama walianza kutapika. Wengi walipona baada ya kulazwa na kutundikiwa maji. Baba yako hakupona. Alikuwa mzee, na tumbo lake lilikuwa dhaifu tangu nyuma. Daktari aliwaambia ni chakula kilichoharibika, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza ni chakula gani.

Tulimzika. Na baada ya kumaliza matanga, ukoo ulipokaa pale uani, wanaume kwenye viti na sisi wanawake chini, wewe ulisimama. Mimi nilidhani unasimama kutushukuru kwa mazishi. Ulisema kimea cha sherehe kililetwa na mimi kutoka Zuzu. Hilo lilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyobeba uongo uliofuata. Ulisema uliniona asubuhi ile nikifungua kitambaa nikitia kitu chunguni. Ulisema watu wote wanajua nilikuwa na kinyongo na baba mkwe, kwa sababu alimkatalia Yona tusihamie Zuzu. Ulisema ulinyamaza kwa kunionea huruma, lakini damu ya baba yako imekushinda.

Nilikutazama wewe, Foibe. Sikumtazama Yona wala mama mkwe, Bibi Penina. Nilidhani utanitazama na utashindwa kuendelea. Wewe ulikuwa unatazama mkeka.

Nilijitetea. Nani angenisikia? Wewe ulikuwa mtoto wa marehemu, unalia, sauti imekauka. Yona aliniambia nichukue nguo zangu. Nilipomwinua Tabita mama yako alimshika, akasema damu yao haiendi kwa muuaji. Mtoto alikuwa ndio kwanza ameanza kutembea. Alinifuata mpaka mlangoni wewe ukamwinua, ukamweka kiunoni, ukamgeuzia uso upande wa pili. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanisikiliza akiwa amesimama, akanishauri nisubiri machungu ya msiba yapoe. Hayakupoa. Mtaa mzima ulikuwa umeshakunywa maneno yako.

Nilirudi kwa mama. Kwa muda mrefu sikuotesha kitu. Unajua nilikuwa nawaza nini? Nilijishuku mwenyewe. Nilikuamini kiasi kwamba nilianza kuamini kimea cha mama yangu kilikuwa na kasoro ambayo sikuiona. Mama alizeeka kwa aibu ile. Wateja walimkimbia, na alikufa akiwa bado anauliza alikosea wapi. Hilo pia nalitaka ulijue huko uliko.

Kumbuka na shuleni. Tabita alipoanza darasa la kwanza nilipata habari, nikapanda bajaji mpaka Chang'ombe na chupa ya togwa niliyoitengeneza kwa mikono iliyokuwa inaogopa. Nilisimama kwenye uzio wakati wa kutoka. Nilimtambua kwa mwendo wa bibi yake. Nilimwita, akaja, akaipokea chupa kwa mikono miwili kama mtoto aliyefundishwa adabu. Wewe ulikuwa umekuja kumchukua. Ulimnyang'anya ile chupa, ukaimwaga chini mbele ya wazazi wengine mpaka tone la mwisho, ukamfuta mtoto viganja kwa khanga yako. Tabita alikutazama wewe, akanitazama mimi, akajificha nyuma yako.

Nilirudi Zuzu kwa miguu kipande kikubwa cha njia. Nilikuwa na nauli. Sikutaka tu mtu anione usoni.

Nilianza tena kuotesha kimea kwa sababu nilihitaji kula. Nilikipeleka kusaga Majengo kwenye mashine ya Mzee Saidi, yule babu wa Kiislamu aliyetusagia enzi zetu, ambaye kila mara alikuwa akitutania kwamba anawasagia Wakristo pombe yao. Siku moja alichukua kiganja cha kimea changu, akakinusa, akasema hiki kizuri, siyo kama kile alicholeta wifi yangu mwaka wa msiba. Nikamwuliza kipi. Akashangaa kwamba sijui. Akanieleza jinsi ulivyokuja siku mbili kabla ya Pasaka na gunia limejaa mabonge meusi, miche yote bado ingalimo, akakwambia hii si ya kuliwa na binadamu na hataiweka kwenye mashine yake. Ulimwomba sana. Alipokataa ulibeba gunia lako ukavuka barabara kwenda mashine nyingine. Alidhani ulikwenda kusaga chakula cha nguruwe. Alipopata habari za msiba alikuwa kwa mwanawe Tabora, na aliporudi alikuta mimi sipo na hakuna aliyemwuliza.

Nilikaa juu ya magunia ya watu pale mashineni mpaka akaniletea maji. Ndipo nilipoielewa siku yote. Ndoo yangu ya kimea kizuri haikutosha wageni, au ulitaka kuibakiza, sijui. Ulikuwa na gunia zima ambalo lingemwagwa kwa uzembe wako, na wageni wanakuja, na wewe ndiye uliyeahidi kwamba togwa haitakwisha. Ulisaga ukungu na sumu, ukampa baba yako. Hukutaka kumuua. Nalijua hilo. Hukuweza kuishi na jambo hilo, ukatafuta mtu wa kulibeba, na mimi nilikuwa karibu. Nakuelewa vizuri mno. Lakini usichanganye kuelewa na kusamehe, maana hivi vitu viwili kwangu havijawahi kukaa chumba kimoja.

Tangu siku ile nilikuwa na kazi. Nilikuwa naamka nayo. Nilifikiria kuja Chang'ombe na Mzee Saidi, lakini yeye alikuwa mgonjwa, na ungesema nimemnunua. Sikutaka shahidi wangu. Nilitaka useme wewe. Nikasubiri, na biashara yangu ikakua wakati nasubiri. Wauzaji wa uji wakaja, wapika pombe wakaja, kina mama wa kliniki wakaja.

Ndipo Mama Elia, anayeuza uwele na mtama pale Majengo, aliponiagiza togwa ya harusi ya mwanawe. Alitaka mapipa, kwa sababu wageni wengi ni watu wa kanisa na hawagusi pombe. Nikamwuliza wanaoa wapi. Akasema Chang'ombe, bibi harusi ni Ketura, mjukuu wa marehemu Mzee Mikaeli. Hakujua chochote, ni mtu wa Kondoa, alihamia mjini juzi tu. Nikamwambia nitaitengeneza.

Sitakuficha, Foibe. Niliwaza mambo mabaya. Mtama mchanga niliufahamu na ukungu niliufahamu. Lakini kumlisha Ketura sumu kungekufanya uwe mkweli, na mimi nilitaka uwe mwongo mbele ya wote. Nilitengeneza togwa safi kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nilifikicha kimea kile peke yangu mpaka viganja vikachubuka. Nilitaka kikombe kiwe safi kiasi kwamba siku ile kitu pekee kitakachotetemeka kiwe mkono wako.

Unaikumbuka siku yenyewe. Uwanja wa akina Elia, maturubai, wazee wa pande zote mbili wametazamana, Ketura na mumewe katikati. Wewe ulivaa kitenge cha dhahabu na kilemba kirefu. Mlishakula pilau, vikombe vikaanza kupita, na mama yako alikuwa ameshika chake hajakinywa bado. Mama Elia kwa furaha zake akaniita kutoka nyuma, akanishika mkono, akawaambia wageni, "Mwenye togwa ni huyu hapa."

Nilisikia vikombe vikiwekwa chini upande wenu, kimoja baada ya kingine. Mama Elia akauliza kuna nini. Bibi Penina akanyoosha kidole. Alisema mimi ndiye niliyemuua mume wake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la mgeni, na watu wa Kondoa wote wakanigeukia. Mama Elia akauachia mkono wangu.

Sikujitetea. Nilichota kikombe kingine, nikavuka uwanja, nikapiga magoti mbele yako kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa wake, nikakupa kwa mikono miwili.

"Wifi," nikakwambia, "wewe ndiye uliyeniona nikitia kitu chunguni. Hakuna hapa anayeujua mkono wangu kukushinda. Kama nilimuua baba yako, mwaga chini. Kama unajua sikumuua, kunywa."

Ulimtazama Ketura. Ulimtazama mkwe wako. Nilijua unapima nini. Ukimwaga, umewaambia wakwe wapya kwamba wamelishwa sumu, na harusi ya mwanao imekufa palepale. Ukinywa, umekwisha wewe. Mkono wako ulitetemeka mpaka togwa ikamwagikia kitenge. Kisha ulikunywa. Hukuonja; ulikunywa chote bila kupumzika, kama mtu aliyekuwa na kiu ya miaka yote ile.

Mama yako alikitazama kikombe kitupu mkononi mwako. Halafu akasema, "Umekunywa."

"Nimekunywa, mama."

"Kutoka mkono wa mtu uliyetuambia ni muuaji."

Yona alisimama. Uliinamisha kichwa, kilemba kikakuficha macho, ukasema, "Kimea kilikuwa changu. Nilikiona kina ukungu. Niliona haya togwa kuisha mbele ya wageni."

Ketura alilia bila sauti, na hilo tu ndilo lililoniuma, kwa sababu mtoto yule nilimsuka nywele. Mama yako alichukua kikombe chake, akanyanyuka kwa shida, akaja mpaka nilipokuwa, akakinywa mbele yangu. Mimi nilikusanya ndoo zangu nikaondoka. Na nilifurahi. Watu wema watasema kisasi hakina ladha. Mimi nilikionja, na kwa jioni ile kilikuwa na ladha nzuri sana. Niliposikia baadaye kwamba mama yako hataki kula chakula ulichopika, nilifurahi. Niliposikia umepanda basi kwenda kwa ndugu zenu Manyoni na hakuna aliyekusindikiza kituoni, nilipika wali nikala nikalala vizuri.

Laiti habari ingeishia hapo, labda ningeweza kukujibu kwa upole leo.

Bibi Penina alimleta Tabita mwenyewe, na begi lake na sare za shule. Alikaa chini kwenye udongo wangu akakataa kiti, akaomba msamaha kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Nilimsamehe. Alidanganywa na mtoto wake mwenyewe kuhusu kifo cha mume wake. Mimi ni nani nimhukumu? Yona naye ameshaomba turudiane. Huyo nimemkatalia, maana alikuwa na masikio yake na hakuyatumia.

Tabita yupo hapa tangu wakati ule. Ni mrefu, anapenda hesabu, anacheka kama wewe, na hilo nalivumilia. Siku ya kwanza nilimpikia uji, nikauweka mbele yake. Hakuugusa. Nikadhani ni ugeni. Siku ya pili alikwenda dukani akanunua andazi kwa hela aliyopewa na bibi yake, akalila amenipa mgongo. Nilimwuliza kwa upole kuna nini. Alisimama wima kama yupo mbele ya mwalimu, akasema, "Shangazi alisema nisile kitu kutoka mkononi mwako."

Hakusema kwa chuki. Alikuwa anaeleza sheria ya nyumbani, kama kunawa mikono. Ulimfundisha tangu hajajua kusoma, kila siku, kwa upendo, huku unamlisha. Nilimweleza ukweli wote, bibi yake alimweleza, Ketura alikuja kumweleza. Anaelewa. Ni mtoto mwenye akili, anajua kabisa kwamba sikumuua babu yake. Lakini mwili wake hauelewi. Mpaka leo nikimpa kikombe anakishika, anasubiri, ananitazama mdomo. Nikishanywa changu ndipo naye anakunywa. Hajui hata kama anafanya hivyo. Nikichelewa kunywa kwa makusudi, chai yake inapoa mikononi.

Wateja wangu wananunua kimea changu kutoka hapa mpaka Mpwapwa. Wanawake nisiowajua wanawalisha watoto wao kutoka mkono huu bila kuuliza. Wa kwangu anauliza.

Na anakuulizia wewe pia. Anauliza shangazi atarudi lini. Wewe ndiye uliyemuuguza surua, wewe ndiye uliyemsuka, na sina njia ya kumwondolea hayo, wala siwezi kumwambia hukumpenda. Nitakuwa nasema uongo kama wako.

Basi jibu langu. Usije. Siku ya kipaimara kiti chako hakitakuwepo, na ukitokea mlangoni mwa kanisa nitakutoa mwenyewe mbele ya askofu. Usimtumie salamu wala zawadi, na Yona nimemkanya asizibebe. Najua itakuuma, kwa sababu unampenda. Ndiyo sababu nakuambia hivi. Ulinifanya nisimame nje ya uzio nikimtazama mwanangu. Na wewe simama. Sitakuwekea muda wa kuhesabu. Siku ile nitakapompa Tabita kikombe akakipeleka mdomoni akiwa anatazama dirishani, anawaza mambo yake, wala hajanitazama mimi, siku hiyo nitakutumia neno uje. Inaweza kuwa mwaka huu. Inaweza kuwa mimi na wewe tumeshakufa.

Leo asubuhi nilimpa uji. Alinitazama.

Mimi,
mama yake Tabita